Mwanafunzi wa sekondari Uganda atafute wapi nafasi ya mafunzo: shirika kubwa, kikundi cha jirani, klabu ya shule au mtandaoni?

Mwanafunzi wa S3 (mwaka wa tatu wa sekondari) mwenye wiki tatu za likizo ya Mei na mwenzake aliyemaliza UACE, mtihani wa mwisho wa S6, hawana haja moja, lakini mara nyingi utakuta wameandika barua ileile kwa mashirika yaleyale makubwa ya Kampala. Nyingi ya barua hizo hazijibiwi. Wa S3 hajibiwi kwa sababu wiki tatu hazitoshi hata kumzoesha ofisi. Wa S6 hajibiwi kwa sababu ameandika Juni, na viti vimeshakaliwa na wanafunzi wa vyuo vikuu.

Anza basi na kalenda yako. Likizo ya Mei na ile ya Agosti na Septemba huwa za takriban wiki tatu kila moja, na ya Desemba na Januari hukaribia miezi miwili. Aliyemaliza S4 hukaa nyumbani karibu miezi mitatu akisubiri matokeo ya UCE (mtihani wa mwisho wa S4) na nafasi ya S5. Aliyemaliza S6 ndiye tajiri wa muda: kuanzia Desemba mpaka vyuo vikuu vifunguliwe Agosti ana kama miezi minane.

| Njia | Inamfaa zaidi | Muda wa chini wenye maana | Pesa inaenda wapi |
|---|---|---|---|
| Shirika kubwa | Aliyemaliza S6, hasa mwenye miaka 18 | Miezi 2 hadi 3 | Nauli na chakula cha mjini |
| Kikundi cha kijamii | S3 hadi S6 | Wiki 2 hadi 3 | Kidogo sana, ukiwa unatembea |
| Klabu ya shule | Yeyote, hasa wa bweni | Mwaka, kidogo kidogo | Ada ya uanachama, sare, kambi |
| Kazi ya mtandaoni | Mwenye kompyuta, au simu nzuri | Saa 2 kwa wiki kwa muhula mmoja | Bando |
| Nafasi ya kulipia | Wachache sana | Inategemea | Ada yenyewe |

Baada ya kalenda kuna kipimo kimoja tunachokiweka juu ya vingine vyote. Je, yupo mtu mmoja, mwenye jina, atakayekuwa ofisini siku unazokwenda, na ambaye amekwisha kusema utafanya kazi gani? Nafasi yenye mtu huyo katika kikundi kisichojulikana nje ya kaunti yake inaishinda nafasi isiyo naye katika shirika linalotajwa kwenye habari kila wiki.

Shirika kubwa

Jina lake linasaidia kwenye wasifu. Utaona ofisi yenye idara za fedha, ununuzi na ufuatiliaji, na utajifunza jinsi ripoti ya mfadhili inavyoandikwa. Ubaya ni kwamba mashirika mengi ya aina hii yana sera ya kulinda watoto inayofunga mlango kwa walio chini ya miaka 18, na hata yasiyoufunga hupendelea wanafunzi wa chuo kikuu, ambao mafunzo ni sehemu ya shahada yao. Wanafunzi hao huingia kati ya Juni na Agosti. Dirisha la aliyemaliza S6 ni kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Mei, na hapo ushindani hupungua sana.

Barua iandaliwe likizo ya Agosti, kabla mitihani haijakubana, na ipelekwe wiki ya kwanza ya Desemba, mara tu unapotoka kwenye chumba cha mtihani. Kuanzia katikati ya Desemba ofisi huanza kufungwa kwa ajili ya Krismasi, na barua iliyofika tarehe 20 itakuwa chini kabisa ya rundo Januari. Acha pia nafasi ya kupumua baada ya matokeo ya UACE kutoka, maana kuna fomu za chuo za kujaza.

Kuna jambo jingine la miaka hii. Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mapema 2025, mashirika mengi, hasa ya afya, yamepunguza wafanyakazi. Tangazo la nafasi lililobaki kwenye tovuti linaweza kuwa la mradi uliokwisha kufa. Piga simu mapokezi kwanza, uliza kama mradi bado upo na nani anausimamia, halafu ndipo uandike barua kwa jina la mtu huyo.

Kikundi cha kijamii katika kaunti ndogo yako

Kwa mwanafunzi wa S3 hadi S5 hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza, na ndiyo wengi wanayoiruka kwa sababu haina tovuti.

Nenda makao makuu ya kaunti ndogo yenu, au ofisi ya divisheni kama uko mjini (Kampala ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga), uliza afisa maendeleo ya jamii. Huyu ndiye anayevijua vikundi vya eneo lake: vya akina mama, vya vijana, vya watu wenye ulemavu, vya miti na maji, vya wagonjwa. Usimwombe kazi. Muulize vikundi vipi vimesajiliwa na bado viko hai, vipi vina ofisi inayofunguliwa angalau siku tatu kwa wiki, na kipi kina kazi ya karatasi iliyowalemea. Swali la tatu ndilo lenye faida. Karibu kila kikundi kidogo kina rundo la fomu ambalo hakuna mwenye muda nalo.

Hapo ndipo wiki tatu zinapotosha. Tuseme kikundi kina fomu 200 za wanachama na kinataka ziingizwe kwenye Excel. Kwa fomu 25 kwa siku ni siku nane za kazi, na siku ya tisa ni ya kukagua: chukua kila fomu ya kumi, ilinganishe na jedwali neno kwa neno. Ukikuta makosa zaidi ya mawili katika fomu hizo ishirini, rudia yote. Ukienda siku tatu kwa wiki, umemaliza likizo na umeacha kitu kinachotumika.

Kazi hiyo huharibika mahali palepale kila mara. Namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo, kwa sababu Excel huzichukulia kama hesabu: 07 inageuka 7 na namba inabaki na tarakimu tisa. Badilisha safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza, kwa kuwa ukibadilisha baadaye sifuri hazirudi zenyewe. Tarehe 03/04 mmoja anaisoma Aprili, mwingine Machi. Andikeni mwezi kwa herufi. Jina moja linaandikwa Muhamad, Mohammed na Muhammad, na mtu mmoja anageuka watatu. Fuata tahajia ya kitambulisho, na kama hakipo, weka alama pembeni umuulize msimamizi. Anayetoka hapo akijua haya matatu ana cha kusema kwenye usaili wowote.

Kazi nyingine zinazoingia kwenye wiki tatu: kutafsiri matangazo, kupanga mafaili, kusaidia kitalu cha miti, kuwasomea watoto wa shule ya msingi mwalimu akiwapo. Katika vikundi vya kuweka na kukopa unaweza kuandika daftari, lakini usishike pesa wala ufunguo wa sanduku. Siku hesabu isipolingana, mgeni ndiye anayeangaliwa kwanza.

Kasoro za njia hii hatuzifichi. Mkurugenzi mara nyingi ndiye pia mhasibu na dereva, na wiki ya warsha ofisi hufungwa bila taarifa. Umeme hukatika. Omba namba ya mtu wa pili tangu siku ya kwanza.

Klabu: polepole, ila inahesabika

Wa bweni asiyetoka shuleni hadi likizo hana budi kuanzia hapa. Msalaba Mwekundu wa Uganda, ulioanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1964, una vikundi vya vijana mashuleni na matawi wilayani. Ukiwa mwanachama shuleni, tawi la wilaya yenu linakufahamu likizo inapofika, na mafunzo ya huduma ya kwanza unayoyapata huko hayaishi thamani. Klabu za wanyamapori za Wildlife Clubs of Uganda zipo tangu 1975. Interact huchukua vijana wa miaka 12 hadi 18 chini ya klabu ya Rotary iliyo karibu. Faida yake kubwa ni watu wazima wa Rotary wenyewe: wanasheria, madaktari, wenye mashirika. Barua yako ikipitia kwa mmoja wao haiishii mapokezi.

Anayetaka cheti kinachoeleweka nje ya nchi aulize shuleni kuhusu tuzo ya vijana ya Duke of Edinburgh's International Award. Ni ya umri wa miaka 14 hadi 24. Ngazi ya shaba hudai angalau miezi mitatu ya huduma kwa jamii, takriban saa moja kwa wiki. Ya dhahabu huanzia miaka 16 na hudai mwaka mzima. Wanaoanguka huanguka kwa kuruka wiki, wala si kwa ugumu wa kazi.

Klabu haikupi mazoea ya ofisi. Hutajua namna barua rasmi inavyopita kutoka meza hadi meza. Kwa hiyo tunaiona kama ngazi ya kwanza ya mtu anayelenga kikundi au shirika baadaye, isipokuwa kama moyo wako uko kwenye huduma ya kwanza au mazingira, ambako klabu inatosha yenyewe.

Mtandaoni

Wengi hukimbilia tovuti ya kujitolea ya Umoja wa Mataifa. Umri wa chini huko ni miaka 18, basi usipoteze bando. Palipo wazi kwa mwanafunzi ni kwenye kazi za umma, mfano OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea) na Wikipedia ya Kiswahili. Uzuri wa zote mbili ni ushahidi: kila badiliko unalofanya hubaki na tarehe, na yeyote anaweza kulifungua na kuliona. Jina la mtumiaji lisiwe jina lako kamili wala la shule yako.

Kwenye OpenStreetMap chagua mradi ulioandikwa wa wanaoanza. Kazi ya kwanza huwa ni kuchora nyumba juu ya picha za setilaiti. Wakaguzi huzirudisha kazi za wageni kwa sababu mbili hasa: nyumba zenye pembe zilizopinda (kwenye kihariri cha iD bonyeza Q, pembe zinajinyoosha) na nyumba zilizochorwa kandokando ya mahali pake kwa kuwa picha imesogea. Asiye na kompyuta anaweza kutumia StreetComplete kwenye simu ya Android, akijibu maswali kuhusu barabara na maduka anayopita. Wikipedia nayo hufuta makala yaliyonakiliwa mahali na tafsiri ya mashine isiyosahihishwa. Bora aya nne za kwako kuhusu wilaya yako zenye vyanzo kuliko ukurasa mzima ulioazimwa.

Kama uko chini ya miaka 18, mzazi ajue unafanya nini huko na unaongea na nani.

Nafasi za kulipia

Kampuni nyingi za kujitolea zinazoitangaza Uganda huuza safari kwa wageni kutoka Ulaya na Marekani. Kijana wa Mbale au Masaka hana sababu ya kuzilipa. Kuna ada halali, kama ya kambi, chakula au mafunzo ya huduma ya kwanza, nayo huja na risiti yenye jina la shirika. Ujumbe wa WhatsApp unaosema utume ada ya usajili kwa mobile money kwenye namba ya mtu binafsi ili ushikiwe nafasi ni wizi, hata kama nembo imenakiliwa vizuri. Nyumba za watoto yatima zinazopokea mtu yeyote kwa wiki mbili, kwa malipo, ziepuke kabisa: mahali panapoachia wageni wasiochunguzwa kuwafikia watoto hapakulindi na wewe.

Kiswahili ni mtaji, kwa mipaka

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini ofisini bado wanaokiandika vizuri ni wachache. Mashirika yanayohudumia wakimbizi kutoka Kongo yanawahitaji. Kampala, hasa Nsambya na Katwe, yapo yanayofundisha Kiingereza, ushonaji na kompyuta kwa watu wanaoanza maisha, na msaidizi wa darasa anayejua Kiswahili na Luganda ni dhahabu. YARID, iliyoanzishwa 2007 na vijana wakimbizi kutoka Kongo, ni mfano mmoja wa shirika lililozaliwa na jamii yenyewe.

Makazi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali nayo yana wasemaji wengi wa Kiswahili, lakini huingii kufanya kazi huko bila idhini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na shirika ndilo linaloiomba. Kama huishi karibu, yaache hadi umalize S6.

Mpaka wenyewe ni huu: mwanafunzi asikubali kuwa mkalimani kwenye mahojiano ya kesi. Mama anayeeleza yaliyompata njiani hapaswi kuyapitisha mdomoni mwa kijana wa miaka 16, na kijana hapaswi kuyabeba nyumbani. Matangazo, darasa, mapokezi, fomu za kawaida: hayo ndiyo yako.

Umri, vibali na kukagua shirika

Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kujitolea si ajira, lakini shirika makini hujifunga kwa mipaka hiyohiyo. Katika kituo cha afya, maana yake ni kwamba husogei kwenye sindano, damu wala mafaili ya wagonjwa. Ukiambiwa ubaki hadi usiku kufunga mahema ya hafla, kataa kwa adabu na umpigie mzazi.

Shirika lolote likubali kukuonyesha cheti cha usajili. Chini ya sheria ya NGO ya 2016, shirika lisilo la kiserikali (NGO) linatakiwa liwe na kibali cha kuendesha shughuli, chenye tarehe ya kuisha. Kazi ya usajili iko Wizara ya Mambo ya Ndani, baada ya ile Ofisi ya NGO iliyokuwa ikijitegemea kuunganishwa nayo 2024. Kikundi kidogo huwa na cheti cha wilaya. Kama mzazi anaona aibu kuuliza, afisa maendeleo ya jamii atamwambia.

Kwenye bahasha weka barua ya mwalimu mkuu, idhini ya mzazi yenye saini na namba ya simu, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yenye muhuri, nakala ya ripoti ya mwisho, na kitambulisho cha shule au cha taifa, ambacho hutolewa kuanzia miaka 16.

Barua yenyewe

Ofisi nyingi husoma Kiingereza, hivyo andika Kiingereza, ukurasa mmoja. Linalopungua katika barua za wanafunzi ni mambo yenyewe. “Naomba nafasi yoyote katika shirika lenu tukufu” inamwachia msomaji kazi ya kukutafutia kazi. Linganisha na hii, kwa maana yake:

“Naomba kusaidia ofisi yenu kuanzia tarehe 4 hadi 22 Mei, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Naweza kuingiza takwimu kwenye Excel, kutafsiri matangazo kwa Kiswahili na Lusoga, na kupanga mafaili. Nauli nitajilipia. Mwalimu mkuu wetu amekubali kupigiwa simu kunihusu.”

Hapo msomaji ana tarehe, saa, kazi tatu na mtu wa kumuuliza. Ipeleke kwa mkono, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na baada ya siku tano za kazi piga simu asubuhi ukitaja tarehe ya muhuri huo. Kimya baada ya simu ya pili ni jibu. Nenda kwa kikundi kinachofuata kwenye orodha.

Kabla ya kukubali, piga hesabu mezani na mzazi. Nauli ya 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku tisa, ni 36,000. Chakula cha 5,000 kwa siku hizo ni 45,000. Jumla ni shilingi 81,000 kwa nafasi isiyolipa. Kikundi cha kutembea kwa miguu kinafuta nauli yote, na ukitoka saa saba unakula nyumbani.

Utakachotoka nacho

Udahili wa vyuo vikuu vya umma hufuata hasa alama za UACE, na cheti cha kujitolea hakikuongezei hata moja. Mahali kinapohesabika ni kwenye maombi ya ufadhili yanayouliza umeifanyia nini jamii yako, kama Mastercard Foundation Scholars Program iliyopo Makerere, au ya shule kama African Leadership Academy ya Afrika Kusini. Huko hawatafuti jina la shirika. Wanauliza ulifanya nini, kwa muda gani, na nini kilibadilika.

Ndiyo maana daftari lina uzito kuliko cheti. Kila siku mstari mmoja: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi, idadi, saini ya msimamizi. “Fomu 25, tatu hazina simu” inasema zaidi ya “nilisaidia ofisini”. Barua ya mwisho iwe kwenye karatasi yenye nembo, itaje tarehe, jumla ya saa na kazi zenyewe, iwe na jina, cheo na simu ya aliyesaini, na muhuri. Iombe wiki moja kabla hujaondoka, na umpe msimamizi muhtasari wa daftari aandikie, maana akiandika kwa kumbukumbu utapata mistari miwili ya sifa ambayo ingemfaa mtu yeyote. Mkurugenzi akiwa safarini siku ya mwisho, barua hiyo inaweza kuchukua miezi, na wa bweni atakuwa amesharudi shuleni.